Hoteli za Familia na Kipimo Kinachopunjwa

Jumamosi ya tarehe 13 Aprili, muda mfupi baada ya Swala ya Alasiri, mtoto wa miaka sita aliopolewa katika bwawa la kuogelea la hoteli moja ya ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Kiti cha mlinzi wa bwawa kilikuwa kitupu tangu asubuhi. Aliyemwopoa ni mtunza bustani aliyekuwa akipunguza majani ya uzio. Alitupa mkasi, akajitosa na nguo zake zote, akamtoa mtoto na kumlaza ubavu ukingoni hadi akatapika maji na kuanza kulia. Zahanati ya jirani ilimwangalia usiku kucha, na asubuhi alirejea mikononi mwa mama yake akiwa mzima. Alhamdulillah.

Sisi wa kamati ya msikiti ndio tulioiandaa safari hiyo, na tumeona ni wajibu wetu kuieleza kwa familia nyingine zinazojiandaa kwa safari kama hiyo. Hoteli hatuitaji jina, kwa kuwa tuliyoyaona hapo tumeyasikia pia kutoka kwa jamaa waliofikia hoteli nyingine za mwambao. Wala hatutaficha pale tulipokosea wenyewe.

Tulichoahidiwa na tulichokikuta

Familia 9, jumla ya watu 41, wakiwamo watoto 19, zilichanga kwa muda wa miezi kumi. Wapo waliotoa shilingi elfu kumi kila Ijumaa. Yupo mama muuza vitumbua aliyeleta mchango wake kwa sarafu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kusudi letu lilikuwa dogo: baada ya Ramadhani, watoto wakae siku tatu karibu na bahari pamoja na baba zao, na mama zao wapumzike na jiko.

Kwa njia ya simu tuliahidiwa vyumba 12, milo mitatu kwa siku, jiko lisiloingiza pombe wala nyama isiyo halali, na kila asubuhi saa mbili za bwawa kwa wanawake peke yao, likiwa limezungushiwa pazia. Tulilipa nusu ya fedha katika mwezi wa Shaaban, na nusu iliyobaki tulipowasili.

Tulifika Ijumaa alasiri. Vyumba vilivyokuwa tayari vilikuwa vinane. Bibi mmoja wa miaka sabini alikaa kwenye kiti cha plastiki pale mapokezi mpaka Isha akisubiri ufunguo. Shuka zilikuwa na unyevu, viyoyozi vinavuja, na taulo ilitolewa moja kwa watu watatu. Usiku huo wali uliisha kabla foleni haijafika nusu, nasi tukaelezwa kuwa mpishi ameshakwenda zake. Kulipokucha, pazia la bwawa halikuwapo. Mafundi walikuwa juu ya paa la mkahawa wakibadilisha makuti, na bwawa zima likiwa machoni pao. Wake zetu wakarudi vyumbani na mabuibui yao makavu.

Hapo ndipo dogo lilipozaa kubwa. Kwa kuwa asubuhi ilipotea, watoto waliachiwa bwawa alasiri, ilhali mama zao hawapo. Baba zao walikuwa katika safu ya swala, na wengine wetu tulikuwa mapokezi tukidai vyumba. Kila mmoja aliamini kwamba palipo na kiti cha mlinzi, mlinzi yupo.

Shirika la Afya Duniani hulitaja suala la kuzama majini miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto na vijana ulimwenguni. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kiko majini, mikono inayasukuma maji chini, na aliye hatua kumi tu hudhani anacheza. Kwa hiyo mlinzi wa bwawa si pambo la hoteli. Ni jicho pekee lisilokuwa na kazi nyingine.

Julai na Aprili

Wenzetu watatu katika kamati waliwahi kufika hoteli hiyo hiyo katika Idd el-Fitri ya mwaka 2016. Wanakumbuka madafu waliyopokewa nayo langoni, na mpishi aliyetoka jikoni kuuliza nani ana maradhi ya sukari ili apikiwe chakula chake mbali. Wanamkumbuka pia mlinzi wa bwawa aliyewakemea vijana wetu kwa kukimbizana ukingoni, hata wazazi wakamwona mkali kupita kiasi. Swali lililotusumbua njiani tukirudi lilikuwa hili: ni nini kilichotokea katikati?

Jibu la kwanza linalotajwa na wengi ni maradhi ya Korona. Mwaka 2020 safari zilisimama duniani, hoteli zikabaki tupu, na watumishi wengi waliokuwa na ujuzi wa miaka wakaenda kutafuta riziki kwingine. Ujuzi wa aina hiyo haurudishwi kwa tangazo la kazi la wiki moja. Lakini sababu hiyo haitoshi kueleza kiti kitupu mwaka 2024, wakati wageni wameshajaa tena.

Sababu ya pili tuliipata katika kalenda. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Idd husogea nyuma kila mwaka. Idd ya 2016 iliangukia mwanzoni mwa Julai, wakati wa kipupwe, msimu ambao hoteli za pwani zimejaza wageni kutoka nje na watumishi wote wako kazini. Idd ya 1445 Hijria imeangukia tarehe 10 Aprili, katikati ya masika. Huu ndio msimu ambao hoteli nyingi za mwambao hupunguza watu, hutoa likizo na kukarabati mapaa. Zipo zinazofunga kabisa mpaka mvua zipite.

Yule mtunza bustani alitueleza hali ilivyokuwa. Mlinzi wa bwawa alipewa likizo bila malipo tangu mwisho wa Machi. Wapishi watano walibaki wawili. Yeye mwenyewe asubuhi yuko bustanini, mchana hubeba mizigo ya wageni, na usiku hushika lindo. Tulipomshukuru na kumpa kilichopatikana, alitupa ombi moja tu: tumwambie meneja amrudishe mlinzi, kwa kuwa yeye hawezi kuwa uzioni kila mtoto anapoteleza.

Kumbe tulikuwa tumeuziwa Julai ndani ya Aprili, na kwa bei ya Julai.

Rundo la nafaka

Mwambao huu haukuanza leo kupokea wageni. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita pwani hii mwaka 1331 akielekea Mombasa na Kilwa, anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu vijana wa mji waliliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamwelekea mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mwenyeji huyo ndiye mwenye dhamana ya mgeni, hata katika kuuza na kununua. Anasimulia pia wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Ukarimu huo ulikwenda pamoja na biashara, na hakuna aliyeona aibu kupata faida. Aibu ilikuwa kumpokea mgeni kisha kumwacha bila mwenyewe.

Hivyo hatusemi kwamba hoteli haina haki ya kupunguza watumishi wakati wa mvua. Mwenye biashara anazijua hesabu zake. Tunachokilaumu ni kunyamaza. Katika masimulizi ya Mtume (S.A.W.) yumo muuza nafaka ambaye rundo lake lilikuwa kavu juu, Mtume alipoingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tunadhani kisa hicho kinatosha kuwa kanuni ya hoteli za familia. Mvua ya masika si kosa la meneja. Angetuambia: “Aprili hatuna mlinzi wa bwawa, wapishi ni wawili, paa linatengenezwa, na bei yetu ni hii ya chini,” tungekwenda na macho yetu wazi, au tungengoja. Badala yake tulitumiwa picha za jua kali na pazia jeupe. Sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wanaopunja vipimo, na kipimo hakiishii kwenye kibaba cha mchele. Saa mbili za bwawa ni kipimo. Mlinzi aliyeahidiwa ni kipimo. Shuka kavu ni kipimo.

Sehemu yetu katika lawama

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati yetu inaandika hata shilingi mia tano ya mafuta ya jenereta, lakini ahadi za hoteli tulizipokea kwa simu, bila kuziweka kwenye karatasi. Tulipozitaja pale mapokezi, kijana tuliyemkuta alitwambia kwa adabu kwamba aliyezungumza nasi hayupo tena kazini. Hatukuwa na cha kumwonyesha.

Aidha, sisi wageni tunachangia kuporomoka kwa huduma hizi. Wapo wanaojaza sahani mara tatu na kuacha nusu mezani. Wapo wanaoondoka na taulo za watu. Wapo wanaomwita mhudumu kwa mluzi, na kumfokea msichana wa mapokezi kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye. Mtumishi anayefanya kazi za watu watatu na kulipwa ya mmoja hahitaji kelele zetu juu yake. Dini yetu imesisitiza kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijamkauka, na mgeni mwenye haki anapaswa kuitazama pia haki ya anayemtandikia kitanda.

Jambo hili lilitutatiza tulipokaa kuandika barua ya malalamiko. Hoja yetu nzito kuliko zote ilikuwa habari ya likizo ya mlinzi, na habari hiyo tuliipata kwa mtu mmoja. Kuitaja kungekuwa sawa na kumtaja yeye, na ana watoto wanne. Tulijadiliana baada ya Isha kwa siku mbili. Hatimaye tuliandika yale tu ambayo macho yetu yaliyaona: kiti kitupu, saa, na mtoto. Kuhusu mtunza bustani tuliandika barua ya pili, ya shukrani peke yake.

Baada ya majuma mawili meneja alijibu. Alirudisha fedha za vyumba vinne, akaomba radhi, na kueleza kuwa mlinzi amerejeshwa kazini. Tulisoma barua hiyo mbele ya familia zote, na baba wa yule mtoto akaomba isomwe mara ya pili.

Kabla ya kulipa

Kutokana na hayo, kamati imejiwekea utaratibu ambao familia yoyote inaweza kuufuata. Kwanza, uliza huo ni msimu gani kwa hoteli, ni watumishi wangapi watakaokuwapo, na kama kuna ukarabati. Pili, uliza mlinzi wa bwawa yupo saa ngapi hadi saa ngapi. Na asipokuwapo, mzazi mmoja akae ukingoni kwa zamu, bila simu mkononi, hata wakati wa swala, kisha aswali atakapopokewa. Tatu, mambo ya jiko na saa za wanawake yaandikwe kwenye makubaliano pamoja na jina la aliyeahidi. Nne, iandikwe pia nini kitarudishwa iwapo ahadi haikutimizwa. Tano, usilipe kilichobaki mpaka uwe umefungua vyumba ukaviona. Sita, kama uwezo upo, mtu mmoja atangulie akaone kwa macho, maana picha haina harufu wala unyevu. Na pale mazungumzo yanaposhindikana, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Lakini hata huko mtu huenda na karatasi mkononi.

Kalenda nayo inasogea. Kwa hesabu ya miezi, Idd el-Fitri ya 2028 itaangukia mwishoni mwa Februari, nje ya masika, Inshaallah. Hadi hapo tutakuwa na Idd kadhaa za mvua au za kuukaribia msimu wake, na watoto hawatangoja.

Lile kopo la maziwa ya unga limeshaanza kupokea sarafu tena kila Ijumaa. Safari hii, kabla halijafunguliwa, mmoja wetu atapanda basi kwenda kuangalia kama kile kiti kina mtu.

Wabillahi tawfiq.