Mkono Unaotoka Mtupu kwenye Sinia

Katika nyumba nyingi za Bagamoyo na vijiji vyake, chakula bado huliwa sinia moja. Mila hii naipenda, ila ina pazia lake. Mikono sita ikiingia kwenye wali kwa pamoja, nani atauona mmoja unaotoka na punje tatu? Binti anayejinyima anaweza kukaa mwezi mzima mbele ya mama yake asigundulike. Ramadhani ikiisha, anasema analipa deni, kisha anafunga sunna. Mama anamshukuru Mungu. Akirudi shule, shoga yake anayelala naye bwenini ndiye anayeziona mbavu.

Tumezoea kusema kujinyima hivi ni maradhi ya Wazungu, kwa kuwa pwani mwanamke mwenye mwili ndiye husifiwa. Sifa hiyo si kinga. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliokuta dalili za maradhi ya ulaji kwa wasichana na wanawake vijana wa Tanzania, na ukazihusisha na kuangalia vyombo vya habari. Huko Fiji, ambako unene pia ulipendwa, televisheni iliingia eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alipowahoji wasichana wa shule mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Leo simu iko kiganjani.

Wazazi wengi huona ukaidi au maringo. Ukweli ni kwamba njaa yenyewe huugeuza ubongo. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 wenye afya, waliojitolea. Wakawa wanyonge, wakajitenga, wakawaza chakula mchana kutwa. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "kula tu" hakufui dafu. Anayejitapisha naye hupoteza potasiamu, madini yanayoshika mapigo ya moyo, na anaweza kufa ghafla huku uzito wake ukionekana wa kawaida. Wavulana nao huugua, ila huchelewa kutambuliwa.

Rafiki afanye nini? Kwanza aache kuuzungumzia mwili. Kwetu "umenenepa" ni pongezi. Kwa mgonjwa ni kisu. Akae naye wakati wa mapumziko, wale mihogo pamoja, wazungumze mambo mengine, na wakimaliza asimwache peke yake. Kazi hii ni ndogo kwa macho, na inachosha. Lakini tiba inayotumika sana kwa vijana, iliyoanzia hospitali ya Maudsley jijini London, imejengwa juu ya jambo hilohilo: wanaompenda mgonjwa kukaa naye mezani, mlo kwa mlo, bila kumlaumu.

Upendo una mpaka wake. Akizimia, akikosa hedhi miezi kadhaa, au ukimsikia anatapika chooni kila baada ya mlo, siri hiyo usiitunze. Mwambie matroni, shangazi au mama, apelekwe hospitali. Aliyekonda sana asishindiliwe chakula nyumbani, kwani kulishwa kwa pupa baada ya njaa ndefu huvuruga madini mwilini na kunaweza kuua; daktari ndiye apange kiasi. Na kama hamna mtu mzima wa kumwambia, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Haitozwi.