Mtoto anaposahau, tusikimbilie bakora



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemjaalia mwanadamu akili na kumbukumbu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Wapenzi wasomaji, kwa nini mtoto aliyesoma vizuri jana, leo hakumbuki? Katika ujana wangu wa ualimu, jibu langu lilikuwa bakora. Mtoto mmoja alinisomea sura yake Jumatano bila ya kosa, Jumamosi ikampotea. Nilimchapa mbele ya wenzake, na haukupita muda akaacha kuja chuoni. Jambo hilo linanisumbua hadi leo, kwani hakuwa mvivu.

Mwaka 1885, mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya muda mbalimbali. Alibaini kuwa kusahau huwa kwingi mno katika saa za mwanzo, kisha hupungua kasi. Hayo ndiyo maumbile yetu.

Tiba yake ni nini? Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliwasomesha wanafunzi habari mbili fupi. Moja waliisoma tena. Ya pili waliiandika kutoka kichwani bila ya kuitazama. Kwa waliopimwa baada ya dakika 5, iliyosomwa tena ilikumbukwa zaidi, asilimia 81 kwa 75. Lakini kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: iliyoandikwa kutoka kichwani ilibaki asilimia 56, na iliyosomwa tena 42.

Hapa pana funzo kubwa. Mwenye kurudia kusoma huyazoea maneno, akadhani ameyajua. Anayejaribu kukumbuka huyatia nguvu. Kwa hiyo swali si kipimo tu. Swali lenyewe ni somo.

Hili si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alimfananisha mwenye kuhifadhi Qur'ani na mwenye ngamia waliofungwa: asipowaangalia, huondoka. Naye Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu naye Qur'ani kila Ramadhani, na mwaka aliofariki wakadurusu mara mbili.

Basi mwalimu aanze kipindi kwa maswali matatu: la jana, la wiki iliyopita na la mwezi uliopita. Kila mtoto aandike jibu lake kabla halijatajwa, ili asijibu hodari mmoja kwa niaba ya darasa zima. Maswali hayo yasiwe na alama wala adhabu, na anayekosea asahihishwe hapo hapo kwa upole. Nawe mzazi, wakati wa chakula cha usiku, mwambie mwanao akusimulie alichojifunza, daftari likiwa limefungwa.

Mtoto anayesahau hajatushinda. Anatukumbusha kuwa kazi yetu haijaisha. Twamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyowakosea watoto wetu, na awazidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.