Daftari la Mama Lishe Katika Ukanda wa Dhahabu

Apitaye Katoro alfajiri huuona moshi wa majiko kabla ya kuziona nyumba. Mama lishe ameshaamka. Chapati zinageuzwa, chai ya tangawizi inachemka, na wachimbaji wadogo wanapita kuelekea machimboni. Wengi hula leo na kulipa siku duara litakapotoa. Lisipotoa, deni hubaki daftarini, na anayeumia ni yule mama aliyekwisha kununua mchele, mafuta na mkaa kwa fedha taslimu.

Huko Ufilipino, mwaka 1975, Tony Tan Caktiong, mtoto wa wahamiaji wa Kichina ambaye baba yake alikuwa mpishi, alifungua duka la aiskrimu katika jiji la Quezon. Wateja wakawa wanaulizia chakula cha moto. Akawasikiliza, na mwaka 1978 ikazaliwa Jollibee. McDonald's ilipoingia nchini humo mwaka 1981, ilimkuta Mfilipino ameshazoea kuku wa kukaanga kwa wali, na tambi zenye mchuzi mtamu kama apendavyo nyumbani. Leo Jollibee ina matawi hadi nchi za Ghuba, na mwaka 2019 kampuni yake ilitangaza kuinunua The Coffee Bean & Tea Leaf ya Marekani kwa dola milioni 350.

Sisi nasi wali tunao. Kahama na Shinyanga hulima mpunga. Ziwa latupa sato na dagaa. Wasukuma hukausha viazi vitamu wakapata michembe na matobolwa. Hata hivyo, zunguka vibanda vya Geita usiku, harufu inayokupokea ni ya chipsi mayai. (Sizikatai, pengine nazipenda kupita kiasi.) Lakini viazi mviringo husafiri kutoka nyanda za juu kusini, na gharama ya safari hiyo humwangukia mkaangaji.

Mtaji nao ni mtihani. Akina mama wengi hukimbilia mikopo waliyoiita wenyewe "kausha damu", na jina hilo halihitaji ufafanuzi. Sheria yetu ina mudharaba: mmoja hutoa fedha, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye fedha iwapo mfanyakazi hakuzembea. Shemeji au kaka mwenye akiba anaweza kuingia mkataba huo na mjane wa familia yake, badala ya kumpa sadaka ya mwezi mmoja akasahau.

Kuhusu wale wachimbaji, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Basi daftari la mama lishe lisiwe na alama za kalamu anazozielewa yeye peke yake. Liandikwe jina, kiasi na tarehe ya kulipa, na mwenye duara atie saini mbele ya mashahidi. Akikataa, sahani yake iuzwe taslimu.