Ukialikwa maonyesho ya Renaissance, usiogope kuvaa

TUSEME uko Marekani kwa masomo. Ijumaa jioni mabeshte wa darasani wanakuambia kesho mnaenda maonyesho ya Renaissance, na kila mtu avae kama watu wa Ulaya ya kale. Unacheka nao, lakini kimoyomoyo unajiuliza: mimi Mkenya mweusi tititi nitavaa kama nani huko?

Swali lako lina jibu. Lakini kwanza ujue siku yenyewe huwa vipi.

Chukua maonyesho ya Maryland, yanayofanyika Crownsville karibu na mji wa Annapolis, wikendi za kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Ukipita langoni unajipata katika kijiji cha kubuni kiitwacho Revel Grove, Uingereza ya miaka ya 1500. Mfalme Henry VIII anapita na msafara wake. Muuzaji anakuita "bwana mkubwa" kwa Kiingereza cha kina Shakespeare, na haachi kuigiza hata ukimuuliza choo kiko wapi.

Mchezo huu ulizaliwa Marekani. Mwalimu mmoja wa California, Phyllis Patterson, na mumewe Ron waliandaa maonyesho ya kwanza mwaka wa 1963, kuchangia kituo cha redio. Wazo likashika moto na kuenea majimbo mengine.

Njaa ikikuuma, agiza paja la batamzinga la kuchoma. Hapa uma na kisu hakuna. Unalishika kwa mkono na kulitafuna ukitembea. Kuna pia pombe ya asali ambayo mzee wa muratina angeitambua mara moja, ila ukiwa chini ya miaka 21 hupewi. Beba pesa taslimu, maana wachekeshaji na wanasarakasi wakimaliza hupitisha kofia. Na viatu viwe imara: jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope.

Kuhusu vazi, usivunje benki. Shati pana la mtumba, mshipi na kitambaa cha kufunga kichwani vinatosha kabisa.

Kisha usikose mpambano wa mikuki. Wanaume wawili waliovalia chuma wanatimua farasi, mmoja upande huu na mwingine ule, kila mmoja akilenga ngao ya mwenzake. Huo ndio mchezo rasmi wa jimbo la Maryland tangu 1962. Utajikuta umesimama ukipiga kelele kama shabiki wa Gor siku ya kukutana na Ingwe.

Hapo sasa turudi kwa swali lako.

Mwaka wa 1511, Henry VIII mwenyewe aliandaa mapambano kama hayo kule Westminster, kusherehekea kuzaliwa kwa mwanawe. Sherehe hiyo ilichorwa kwenye ngozi ndefu inayokunjwa, ya urefu wa takriban mita 18. Kati ya wapiga tarumbeta walio juu ya farasi, mmoja ni mweusi, amefunga kilemba. Amechorwa mara mbili.

Wanahistoria wanasema huyo ni John Blanke, mwanamuziki wa mfalme. Mshahara wake ulikuwa peni 8 kwa siku. Mwenzake mmoja alipofariki, Blanke alimwandikia mfalme akitaka alipwe peni 16 kama marehemu. Akapewa. Alipooa mwaka wa 1512, mfalme akamtunuku nguo za harusi.

Kwa hivyo usikubali kuwa mgeni wa kushika simu na kuwapiga wengine picha. Funga kilemba, tafuta tarumbeta hata kama ni ya plastiki, uingie. Mtu akikuuliza umekuja kama nani, mwambie: John Blanke, aliyemdai Henry VIII nyongeza ya mshahara na akaipata.