Nani Ataanza Kusema "Dere, Punguza"?

Asubuhi, matatu nambari 46 kutoka Kawangware inateremka Valley Road kuelekea Kencom. Dereva ameshika simu kwa mkono mmoja na anayapita magari upande usio wake. Mama aliye mbele yangu amekishika kiti kwa mikono miwili, vidole vimemkakamaa. Kijana wa dirishani anainua macho, anatutazama, kisha anayarudisha kwenye simu yake. Sote tunaogopa, ila kila mmoja akimwona mwenzake kimya, anadhani hofu ni yake peke yake.

Mwaka 1968, wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Kati ya walioketi na watu wawili walioagizwa kutojali, ni asilimia 10 tu walioinuka. Miaka 10 baadaye, mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba kila mtu ana kiwango chake: idadi ya wenzake anaotaka waanze ndipo naye ajiunge. Akikosekana wa kwanza, umati mzima hukaa kimya, hata kama wengi wana hasira.

Kenya imewahi kujaribu njia ya amri. Sheria za Waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, na zilihitajika sana. Lakini askari hawezi kukaa ndani ya kila matatu. Abiria yumo.

Ndiyo maana napenda kazi ya James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wapaze sauti, na madereva wakaingizwa katika bahati nasibu ili wasivibandue. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio la pili, lililohusisha magari yapata 12,000, liliyapunguza kwa kati ya robo na theluthi. Kibandiko hakina nguvu ya kukamata mtu. Kinamwondolea tu msemaji wa kwanza aibu ya kuonekana mjuaji.

Basi kesho, dereva akikimbiza gari, usimsubiri jirani yako. Mwambie: "Dere, punguza." Mama wa kiti cha mbele atakuunga mkono.