Sungura Nyuma ya Chandarua

Jiji la Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Meru, halisumbuliwi sana na malaria, ila ndilo linalowashonea wengine kinga. Tangu 2003 kiwanda cha A to Z kinatengeneza hapa vyandarua vyenye dawa kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Dawa ya chandarua kwanza hupimwa kwa koni, mbu wakikigusa kwa dakika 3. Isipofikia kiwango, mwongozo wa WHO unaelekeza kipimo cha handaki: kisanduku kirefu cha kioo kilichogawanywa na kipande cha chandarua chenye matundu 9 ya sentimita 1, huku mbu majike 100 wenye njaa, kule sungura au simbilisi aliyefungwa asitikisike. Baada ya saa 12 hadi 15 wanahesabiwa mbu waliopenya, walioshiba na waliokufa.

Naona kipimo hicho kinaweza kutetewa, lakini kwa sharti moja: kiwe hakina mbadala. Kuna pia watu wanaojitolea kulala katika vibanda vya majaribio ya mbu. Hao huelezwa, hutia saini, na wakichoka huondoka. Sungura hana kalamu. Asiyeweza kukataa anatudai uangalifu zaidi, si pungufu. Atasema msomaji: jiji linalochoma mbuzi kila Jumamosi lina uso gani wa kumlilia sungura? Swali linauma, ila halifiki mbali. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya 2008 haikatazi kuchinja. Inakataza mateso yasiyo ya lazima, na lazima haithibitishwi kwa mazoea, iwe buchani au maabara. Wengine watadai sungura aachwe leo hii, kwa kuwa mbu wa maabara hunyweshwa damu ya moto kupitia utando. Ni kweli hunyweshwa. Lakini utando haupumui wala hautoi harufu ya mwili, na mbu humfuata mtu kwa pumzi na harufu. Chandarua kikipita hapo kwa urahisi, atakayelipa ni mtoto wa Kigoma, kwenye malaria nyingi. Basi utando ushindanishwe na sungura mpaka ijulikane unatosha wapi, na pale unapotosha sungura aondolewe.

Ripoti za vipimo hutaja kila mbu aliyekufa. Wanaopima wataje pia, kando yake, idadi ya sungura waliotumika.