Shule ya Wauguzi na Hospitali

Wazee walinena, Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Neno hili latufaa tufikiripo habari za vijana wanaojifunza kuuguza. Kitabu chaweza kumweleza mwanafunzi jinsi ya kufunga jeraha, lakini mkono haujui mpaka umelifunga jeraha lenyewe. Kwa hiyo shule ya wauguzi yahitaji hospitali.

Bibi Florence Nightingale, Mwingereza, aliwauguza askari katika vita vya Crimea, miaka ya 1854 mpaka 1856. Watu wa kwao walimshukuru, wakachanga zaidi ya pauni 44,000, ili aanzishe shule. Yeye hakujenga hospitali, bali mwaka 1860 walipatana na hospitali ya St Thomas', mjini London. Mapatano yalikuwa haya: mchango ulipe chakula cha wanafunzi na mshahara wao mdogo, hospitali nayo itoe vyumba vya wagonjwa, na wakuu wa vyumba hivyo wawafundishe. Wanafunzi wa kwanza hawakuzidi 15.

Je, mapatano hayo yalitosha? La. Baada ya miaka kumi na zaidi Bibi Nightingale alichungua mambo, akaona ya kuwa wanafunzi hufanya kazi nyingi na kufundishwa kidogo. Basi akawekwa mwanamke wa kukaa nao nyumbani mwao, awasimamie katika masomo na mwenendo.

Kosa hilo halikuisha upesi mahali pengine. Mwaka 1923, huko Marekani, taarifa ya Bibi Josephine Goldmark ilionyesha ya kuwa hospitali nyingi zilitanguliza haja yao ya watumishi, mafunzo yakabaki nyuma. Mwaka uo huo Chuo Kikuu cha Yale kilianzisha shule ya wauguzi yenye mkuu wake na fedha zake. Wanafunzi walijizoeza katika hospitali ya New Haven kwa kufuata utaratibu wa masomo, wala si kuziba pengo la watumishi.

Basi, ninyi wazazi, binti au mwana wenu atakapo kazi hii njema, msiulize ada tu. Ulizeni: Nani atasimama naye kando ya kitanda, amwonyeshe na kumsahihisha? Nanyi walimu, mwambieni mwanafunzi asione haya kuuliza. Kwa maana shule na hospitali zisipotimiza mapatano yao, alipaye deni hilo ni mgonjwa.